Saa 72 Hazingoji Maslaha

Watu wangu wa Garissa, tuache kujidanganya kwamba wasichana wetu hawana wapenzi. Wanao. Wako na simu, wako na TikTok, na kuna kijana pale Bula Iftin anawaandikia usiku wazazi wakiwa wamelala.

Shida inaanza msichana wa miaka 15 akipigwa kofi na huyo kijana. Hana wa kumwambia. Akifungua mdomo, swali la kwanza nyumbani ni: "Ulikuwa unafanya nini na yeye?" Kijana anajua hivyo, na hiyo ndiyo silaha yake. "Ukiniacha, namtumia kaka yako zile picha." Basi amemshika. Akimlazimisha, atanyamaza. Akikataa kondomu, msichana hana sauti.

Sasa piga hesabu. Dawa ya PEP ya kuzuia HIV lazima ianzwe ndani ya saa 72, halafu inamezwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina siku 5, na kila saa ikipita nguvu yake inapungua. Klamidia nayo mara nyingi haionyeshi dalili yoyote, lakini isipotibiwa inaweza kuziba mirija ya uzazi. Sisi tunaopenda watoto hivi, tunaobariki maharusi wajaliwe wengi, ndio tunanyamaza hadi tumbo la binti linaharibika.

Na hizo saa 72 tunazitumiaje? Siku ya kwanza msichana analia peke yake. Siku ya pili mama amejua, anaficha. Siku ya tatu wazee wameketi, chai ya maziwa imemiminwa, maslaha imeanza. Familia zinaelewana, ngamia au pesa zinaenda kwa baba, na wengine wanamwozesha kwa huyo huyo aliyemuumiza. Daktari hajatajwa hata mara moja.

Wazee nawaheshimu. Maslaha imezima vita vya visima na malisho, hiyo hakuna anayebisha. Lakini mwili wa mtoto si kisima cha kugawana. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inakubali njia za jadi ila inakataza zikanyage haki za mtu. Na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inasema anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 afungwe si chini ya miaka 20. Haijasema ngamia wangapi.

Najua mtakuja kwa komenti: "Huyu aliacha chuo, atatufunza nini?" Sawa, niliacha. Kuhesabu hadi 72 hakuhitaji digrii. Wengine mtasema naleta aibu. Aibu ni ya aliyepiga na aliyelazimisha. Mbona tunambebesha aliyeumia?

Abaayo, kama ni wewe, nenda hospitali kwanza, hata leo usiku. Usioge, usifue nguo ulizovaa. Utatibiwa hata kabla hujafika polisi, na fomu ya P3 itajazwa baadaye. Ukiogopa kwenda peke yako, piga 1195, ni bure. Akikutishia na picha, usizifute hizo meseji. Kusambaza picha za siri za mtu ni kosa chini ya sheria ya mitandao ya 2018, na hizo meseji ni ushahidi.

Na nyinyi akina mama, binti akija analia, lile swali la "ulikuwa na nani" lingoje. Muulize ameumia wapi, halafu chukua buibui, mwende hospitali.