Mdudu Aliyezikwa na Mzigo Wake

Watu wa pwani tangu zamani waliijua sandarusi, ule ulimbo wa mti ulioganda ardhini, uliochimbwa Mrima na kuuzwa Unguja. Mara nyingine ndani yake huonekana mdudu, mzima kana kwamba amelala. Ulimbo wa namna hiyo ukifukiwa kwa mamilioni ya miaka hugeuka kuwa kaharabu.

Kaskazini mwa Burma, nchi ambayo sasa huitwa Myanmar, kaharabu huchimbwa migodini. Katika kipande kimoja kilichotoka huko, wataalamu wa China na Marekani walimkuta mbawakawa mdogo, asiyefikia urefu wa punje ya mchele, wa aina iliyokwisha toweka duniani. Mwaka 2019 walitangaza habari zake, wakampa jina la Angimordella burmitina. Umri wake ulikadiriwa kuwa miaka milioni 99.

Lakini ajabu yake si umri peke yake. Walipomchungua kwa hadubini, walihesabu chembe 62 za chavua, yaani ule unga wa maua, zimeng'ang'ania mwilini mwake katikati ya malaika. Basi ikadhihirika kwamba ulimbo ulimnasa akiwa kazini, akichukua chavua ya maua. Kabla ya hapo, ushahidi wa wazi wa wadudu kuyafanyia maua kazi hiyo haukuvuka miaka milioni 50.

Mkulima amezoea kumhesabu mbawakawa kuwa adui, maana fukusi, ambaye ni wa ukoo huo, humharibia mahindi ghalani. Lakini si wote walio waharibifu. Huko Malaysia, wenye mashamba ya michikichi walikuwa wakiwalipa vibarua wapake maua chavua kwa mikono, mpaka mwaka 1981 alipoletwa kutoka Kameruni mbawakawa mdogo aifanyaye kazi ile ile bila ujira.

Kwa hiyo anyunyizaye dawa shambani wakati maua yamechanua na afikiri kwanza, asije akawaua watumishi wake pamoja na adui zake. Wahenga walisema kwamba wema hauozi. Mdudu yule wa Burma alikufa miaka milioni 99 iliyopita, na mzigo wake angali nao.