Jiko la Suma lianze na mpishi, siyo na picha

Leo naweka pembeni mambo ya TP na test. Nina hoja ya nyumbani, Suma kule Rungwe.

Mtu anajenga nyumba nzuri, bati jipya, vigae sebuleni. Zunguka nyuma sasa: jiko ni kibanda, mafiga matatu chini, moshi hauna pa kutokea. Pesa imeishia wanapokaa wageni. Aliyebaki na akiba naye anampelekea fundi picha ya kwenye simu: granaiti inayong'aa na makabati ya MDF. Jamani, Tukuyu ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa Tanzania. MDF ikinyonya unyevu inavimba, na bawaba zinang'oka. Hiyo pesa si umeitupa?

Wakati huohuo tumekaa kwenye ardhi ya volkano, mawe tele, na mbao za paini na mkaratusi zinapatikana wilayani. Mimi nasema tuchanganye hivyo vitu viwili kwa akili: jiwe likae penye moto na maji, mbao zikae penye vyombo. Jiwe jeusi gumu lijenge sehemu ya kuni na ukuta wa nyuma yake. Lile lenye vitundu vitundu usiliweke kwenye kaunta, linanyonya mafuta. Jiwe la mtoni lisikae motoni, maji yaliyomo ndani yakichemka linaweza kupasuka. Granaiti ikikushinda bei, kaunta ya terazo inatosha kabisa. Mbao zikauke vizuri kwanza, hasa mkaratusi, la sivyo milango itapinda.

Kaunta iwe chini kidogo ya kiwiko cha mpishi. Fundi ampime mama, siyo baba mwenye nyumba! Halafu bomba la moshi lipite juu ya paa.

Najua mtasema dunia inaenda kwenye gesi. Ni kweli, mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Basi tenga nafasi ya gesi tangu kwenye ramani, penye dirisha. Ila makande bado yatapikwa kwa kuni nyumba nyingi, na anayevuta ule moshi ni mama na mtoto wa mgongoni.

Kwangu mimi, jiko la kisasa ni lile ambalo mpishi anatoka bila macho mekundu wala mgongo kuuma. Naomba kuwasilisha.