Simu kwa usukani: tunataka sheria, hatutaki bei ya rond-point

Kamarade yetu yuko kitandani wiki ya tatu sasa, na chuma ndani ya mguu. Alikuwa nyuma ya moto kwenye barabara ya Kasapa, anarudi nyumbani, jua linaingia. Taxi-bus moja ikatoka kwa laini yake ikawakumba. Watu waliokuwa ndani ya ile taxi-bus walisema kitu kimoja wote: shofere alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega, anagombana na patron wake juu ya versement. Motard alitoka na michubuko. Kamarade yetu, mwenye licence yake na dosye za kuomba kazi ndani ya mfuko, leo hawezi kwenda choo bila mtu wa kumushika. Na shofere? Aliongea kidogo na polisi pembeni ya barabara, na kesho yake gari ilikuwa inabeba watu kama kawaida.

Siku ya mposho iliyofuata tulikaa pamoja, tukabishana mpaka giza. Tunaweka hapa yale tuliyobishania, kwa sababu hatukukubaliana mara moja, na tunajua ninyi pia hamukubaliani.

Wa kwanza kuongea walisema: musiombe sheria. Lubumbashi, sheria mpya ni chakula kipya cha roulage. Kesho shofere atashika simu tu aangalie saa, agent ataruka ndani ya gari, atakaa pembeni yake, atachukua funguo, na mazungumzo yataanza: "Grand, unajua makosa yako?" Bei itategemea shati ulilovaa. Ukiwa na haraka, bei inapanda. Ukiwa na mama mgonjwa nyuma, inapanda tena.

Hatuwezi kusema wamedanganya. Kila mtu aliyekuwa pale alikuwa ameisha kulipa, ao ameona baba yake akilipa, bila kitansi hata moja. Wengi wetu tumesoma miaka mitano na leo tunaendesha moto ya mtu mwingine, kwa hiyo franka zile zinatoka ndani ya mifuko yetu sisi, kabla ya kufika kwa mtoto.

Lakini angalieni vizuri: hayo yote yanafanyika leo tayari. Simu kwa usukani inakamatwa leo, na inauzwa leo. Code de la route tunayotembea nayo ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Mwaka 1978! Inchi ilikuwa Zaire, na hakuna mtu alikuwa na simu ya mfukoni. Telecel ilifika katika miaka ya 80, na ilikuwa kitu cha wakubwa. Watoto wa Katuba na Kenya waliona simu kwa mikono ya wazazi wao baada ya mwaka 2000. Ni wapi mwanainchi anaweza kusoma, kwa lugha anayosikia, kwamba simu ukiendesha ni faini ya kiasi hiki na unailipa pahali hapa? Hakuna mtu aliyetuonyesha. Njo maana agent anaongea bei anayotaka. Giza hilo linamupendeza yeye, halimupendezi mwenye kutembea kwa miguu.

Na wakubwa wa inchi hawawezi kusema hawakujua. Zaire ilijiunga mwaka 1977 na Mkataba wa Vienna juu ya usafiri wa barabarani, ule wa 1968. Mwaka 2006 mkataba huo ulibadilishwa, ukasema wazi kwamba sheria ya kila inchi itakataza shofere kushika simu mkononi gari ikiwa inatembea. Tangu 2006 mtoto amezaliwa, amemaliza masomo ya sekondari, na Code ile ya 1978 iko palepale.

Kamarade mwingine alisema: simu ni kitu kidogo, tuanze na mashimo, na freni, na taa za barabarani zisizowaka. Tulimwambia afanye hesabu. Gari ikitembea kilometa 60 kwa saa, kila segonde inakula karibu metre 17. Kuangalia nani anapiga, segonde tatu: metre 50. Metre 50 hizo shofere amezipita kama kipofu, na ndani yake mupo wanafunzi wanaovuka, wamama wa mikate, mutu na kinga yake ya makala. Shimo liko palepale kila siku, shofere wa laini analijua kuliko mke wake. Mtoto anayevuka hakutoa taarifa.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema shofere anayetumia simu ana hatari ya ajali karibu mara nne zaidi. Linasema pia écouteurs hazisaidii sana, kwa sababu mikono iko huru lakini akili imeenda kwa patron. Na linasema ajali za barabarani njo zinaua zaidi watu wenye miaka 5 mpaka 29 duniani. Miaka hiyo ni yetu sisi. Ni wadogo zetu pia.

Shofere wa camion anayetoka Zambia anajua kwamba kule kushika simu ukiendesha ni kosa. Akipita barrière ya Kasumbalesa tu, simu inatoka mfukoni. Ni mtu yule yule, macho yale yale, na mzigo wa tani makumi nyuma yake.

Kuna jambo moja tulilokubaliana bila kubishana: sheria hiyo ikianzia kwa motard na kuishia kwa motard, tutaipinga sisi wenyewe barabarani. Tunaona jeep za vioo vyeusi zikipita kwa mbio, shofere na simu kwa sikio, chef nyuma na simu zake mbili, na agent wa roulage anapiga salute. Tunaona agent mwenyewe katikati ya rond-point, mkono mmoja unaita magari, mwingine uko kwa WhatsApp. Kinshasa tangu 2013 wameweka roboti za injenia Thérèse Izay kwenye mikutano ya barabara. Watu walicheka. Lakini roboti haijaomba mtu ya kahawa.

Basi tunaomba nini kwa wadepite waliochaguliwa hapa kwetu? Code ifunguliwe, simu iandikwe ndani kwa jina lake. Faini iwe moja kwa wote, ilipwe benki ao kwa Mobile money kwenye konti ya serikali, na meseji ya malipo iwe kitansi. Agent asiingie ndani ya gari, asichukue funguo, asishike simu ya mtu. Na patron anayejua gari yake iko barabarani na anaendelea kupiga mara kumi kuuliza versement, huyo pia aitwe. Kamarade fulani alicheka juu ya hii ya mwisho. Yule wa kitandani hakucheka, tulipomupelekea habari.

Barua iko tayari kuandikwa sahihi. Tutapita nayo kwa parking za taxi-bus na za moto, tuanze na shofere wenyewe, kwa sababu wengi wao wametuambia wanachoka kupigiwa kuliko sisi tunavyochoka kuwaona.

Wakati wa kungojea, kila mmoja wetu akipanda gari na shofere akatoa simu, aseme kwa sauti ya kusikika na kwa heshima: "Papa, simama pembeni, ongea, kiisha twende. Tutakungojea." Tumejaribu wiki hii. Mara ya kwanza shofere alikasirika. Mara ya pili, mama mmoja wa nyuma alisema kabla yetu.