Nukta nyekundu ya bei rahisi: inunue kwa ajili ya makopo, si kwa ajili ya kwelea kwelea



Wiki hii nimepigiwa simu na watu watatu kuhusu jambo moja, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za pamba. Wa kwanza ni mkulima wa mtama Kishapu, wa pili kijana wa Kahama anayemiliki bunduki ya upepo aliyoachiwa na baba yake, wa tatu mfanyabiashara wa Katoro. Wote wanataka kujua kama kile kifaa cha kulengea chenye nukta nyekundu, ambacho sasa kinaletwa madukani pamoja na tochi na chaja za simu, kinafaa kununuliwa. Mmoja alicheka mwenyewe: "Bwana shamba, najua si kazi yako." Kweli si kazi yangu, lakini pesa mnazotaka kutoa ni za mbolea, kwa hiyo nitasema ninavyoona.

Naanza na wa Kishapu, maana yeye ndiye anayekaribia kupoteza pesa. Anataka kuua kwelea kwelea. Ndugu yangu, hesabu ni hii. Ndege mmoja hula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege laki moja, ambalo kwetu si kundi kubwa, linamaliza tani moja kwa siku. Ukiwa na jicho la mwewe ukaangusha ndege 200 kuanzia asubuhi hadi jioni, wamebaki 99,800. Hakuna nukta, iwe nyekundu au ya kijani, inayobadilisha hesabu hiyo. Kinachosaidia ni kuwahi kuona mahali wanapolala, kwenye matete au miiba, na kumpa taarifa mtendaji wa kijiji na afisa kilimo siku hiyo hiyo, ili habari ifike halmashauri na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Dawa hupulizwa wanapolala, jua likizama, si shambani kwako mchana. Ukichelewa siku nne kwa sababu ulikuwa unalenga shabaha, mtama umekwisha. Na ndege waliopuliziwa dawa hawaliwi, hata kama wenzetu wa Kondoa wanajulikana kwa kuwanasa kwa nyavu na kuwafanya kitoweo. Wale wa nyavu hawana sumu.

Wa Katoro nitamjibu kwa ufupi. Kama unanunua dhahabu na unaogopa wezi, bunduki ya upepo si ulinzi, na nukta juu yake haiifanyi kuwa ulinzi. Utamkasirisha mwizi tu. Weka mlango wa chuma, usilale na pesa dukani, elewana na sungusungu wa mtaa wako.

Sasa kijana wa Kahama. Yeye anataka kulenga makopo Jumapili jioni na rafiki zake, na bunduki ina karatasi zake. Kwa mtu huyu mimi siungani na wenzangu wanaosema kila cha bei rahisi ni takataka. Kwa bunduki nyepesi, umbali wa mita 10 hadi 25, kifaa cha bei ya chini kinatosha kabisa, ila ujue unachonunua. (Wewe ambaye huna karatasi, usijidanganye kwamba kwa kuwa haina baruti basi haina sheria. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Pita polisi kwanza, dukani baadaye. Na ngedere, njiwa pori na wengineo wana Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Kopo halina sheria.)

Kwanza uelewe kinavyofanya kazi, maana wauzaji wengine wanakichanganya na leza. Leza inarusha mwanga hadi kwenye shabaha. Hiki hakirushi kitu. Ndani kuna taa ndogo sana inayomulika kioo kilichopakwa rangi maalumu, na kioo kinarudisha wekundu kwenye jicho lako, ukaona nukta kama iko mbali kule kwenye kopo. Faida yake ni kwamba huhangaiki kupanga ncha ya mbele na mkato wa nyuma katika mstari mmoja. Unafungua macho yote mawili, unaweka nukta kwenye kopo, basi. Kwa wazee ambao macho hayaoni tena vitu vya karibu, hii ni nafuu ya kweli. Mjomba wangu kule Msalala aliacha kulenga kwa miaka mingi kwa sababu ncha ya mbele alikuwa anaiona kama moshi, akarudia alipopata nukta.

Kwenye boksi utakuta herufi MOA na namba. Digrii moja ikigawanywa mara 60, kila sehemu ni MOA moja. Kwa umbali wa mita 100 ni karibu sentimita 3, kwa mita 25 ni milimita 7 hivi. Kwa hiyo nukta ya MOA 4 ukiwa mita 25 inafunika karibu sentimita 3, yaani kizibo kizima cha soda. Kwa makopo ni sawa. Ukitaka kupiga vizibo, tafuta nukta ndogo zaidi, ya MOA 2 au 3, au sogea karibu, hakuna aibu.

Halafu reli, na hapa ndipo wengi wanapoliwa. Bunduki nyingi za upepo zina mifereji miwili myembamba juu, upana wa milimita 11. Vifaa vingi vya bei rahisi vimetengenezwa kwa reli pana yenye meno, ya karibu milimita 21. Havikai. Muuzaji atakuambia utafunga kwa mpira wa baiskeli. Usikubali. Nenda na kipimo, au nenda na picha ya bunduki kwenye simu ukiwa umeweka rula juu yake. Bunduki yenyewe iache nyumbani, usitembee nayo stendi.

Jambo ambalo mimi lilinigharimu ni springi. Bunduki ya upepo inayokunjwa ina springi nzito ndani, na ukifyatua inasukuma nyuma kidogo, kisha inajipiga kwa mbele springi inapofika mwisho. Mtikisiko huo wa pande mbili unavunja vifaa ambavyo vingedumu miaka kwenye bunduki ya kawaida. Nilinunua kimoja mjini, muuzaji akaniapia kwamba kinavumilia kila kitu. Siku ya kwanza kikasogea nyuma kwenye reli, siku ya pili nukta ikawa inawaka na kuzima kama kimulimuli. Nilipokirudisha nikaambiwa nimekiloweka. Hakikuona hata umande. Kwa hiyo ukiwa na springi, chagua chenye skrubu mbili za kubana badala ya moja, na kizuizi cha nyuma, kisha kagua skrubu baada ya kila risasi 20 za mwanzo. Kama yako inatumia hewa ya kujaza isiyo na springi, hofu hii inapungua sana.

Umbo pia lina maana kwetu. Kuna cha kioo kimoja kilicho wazi, na kuna cha bomba. Cha wazi ni chepesi na kizuri kwa macho, lakini taa yake iko nje, na vumbi la Shinyanga la mwezi wa nane likikaa juu yake nukta inakuwa doa. Mimi ningechukua cha bomba chenye vifuniko, hata kama ni kizito kidogo.

Kabla hujalipa, kifanyie majaribio hapo hapo. Kiweke mezani kikiangalia bango la ng'ambo ya barabara, kisha sogeza kichwa kushoto na kulia bila kukigusa. Nukta ikitembea sana juu ya bango, kiache. Kitoe nje juani saa saba mchana, uone kama nukta bado inaonekana kwenye ukuta mweupe. Kitikise karibu na sikio usikie kama kuna kinachocheza ndani. Na ukiona nukta kama nyota au mkia wa nyoka, usigombane na muuzaji bado. Weka kamera ya simu mahali pa jicho lako. Kamera ikiona nukta safi, tatizo ni jicho. Hospitali ya wilaya watakupima.

Kukirekebisha ni kazi ya nusu saa. Karatasi kwenye boksi, mita 20 au 25, bunduki iegemezwe kwenye mfuko wa mchanga. Piga tano, tafuta katikati yake, zungusha skrubu kufuata mshale, rudia. Vingi vinasogea MOA 1 kwa kila mlio, kwa hiyo kama uko chini kwa sentimita 7 kwa mita 25, ni milio 10. Usishangae ukija mita 5 risasi ikapiga chini ya nukta. Kifaa kiko juu ya mtutu, ni kawaida.

Nyuma ya makopo weka kichuguu kikubwa, kisha hakikisha hakuna njia ya watu wala malisho nyuma yake. Usiweke chupa wala jiwe, risasi hurudi, na jicho halishonwi. Hizo risasi ndogo ni madini ya risasi kweli, kama jina lilivyo, ni sumu. Vijana wanaoziweka mdomoni wakisubiri zamu yao waache, na mikono ioshwe kabla ya ugali.

Betri yake ni ile bapa kama sarafu, CR2032. Hii naiandika nikiwa na hofu. Mtoto wa dada yangu, wa mwaka mmoja na nusu, tulimkuta nayo mdomoni baada ya mtu kubadilisha betri na kuacha ya zamani kwenye mkeka. Tuliiwahi. Ikimezwa ikakwama kooni inaunguza nyama ndani ya saa mbili tu, hata ile unayodhani imekwisha, na mtoto anaweza kuonekana kama ana mafua tu. Usimtapishe, usisubiri asubuhi, kodi bodaboda uende hospitali yenye eksirei na useme wazi kwamba amemeza betri. Ukinunua kifaa, angalia kifuniko cha betri kama kinafungwa kwa skrubu au kinafunguka kwa kucha. Kinachofunguka kwa kucha, kama una watoto nyumbani, kirudishe kabatini kwa muuzaji hata akikupunguzia bei.

Kijana wa Kahama, nitumie picha ya reli yako kabla hujaenda mjini. Na wewe wa Kishapu, jioni hii nenda kaangalie yale matete ya bwawani.