Kipima uongo katika vipindi vya mapenzi: mashine inapima nini hasa?

Wapenzi wawili wamekaa kwenye kochi, wameshikana mikono. Mwanamume ameulizwa kama amewahi kumsaliti mwenzake, naye amejibu hapana. Taa zinafifia, muziki unapanda, kisha skrini kubwa inatoa jibu: uongo. Mwanamke anauachia mkono wa mwenzake.

Huo ndio mwendo wa vipindi kama Love Never Lies, kipindi cha uhalisia cha Netflix kilichoanzia Hispania mwaka 2021, kikapata toleo la Poland, na mwaka 2024 kikafika Afrika Kusini. Watu ambao tayari ni wapenzi wanaulizwa siri za uhusiano wao, huku mashine ikiwapima macho. Jibu likihesabiwa kuwa kweli, fedha za zawadi zinaongezeka. Likihesabiwa kuwa uongo, zinapungua.

Wengi wetu vijijini hatulipii Netflix. Lakini vipande vya vipindi vya aina hii vinatufikia kwenye simu, dakika moja au mbili, vimekatwa palepale mashine inapotoa hukumu. Maelezo ya jinsi hukumu ilivyofikiwa hayamo. Anayetazama anabaki na wazo kwamba siku hizi kuna chombo kinachoweza kuuona uongo, kama kipimo cha malaria kinavyoonyesha malaria.

Chombo hicho hakipo.

Moyo kwenda mbio si ushahidi

Mashine ya zamani, ile yenye nyaya, ilitengenezwa mwaka 1921 na John Larson, aliyekuwa askari polisi katika mji wa Berkeley, California. Inafuatilia mapigo ya moyo, presha na pumzi, na baadaye ikaongezewa kipimo cha jasho la vidole. Ile ya macho ni ya juzi tu. Kamera inafuatilia mboni zinavyotanuka, jinsi mtu anavyopepesa macho na anavyosoma maswali.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho uongo. Ni dalili kwamba mwili umeshtuka au akili inafanya kazi nzito. Moyo wa mwongo unaweza kwenda mbio, lakini hata wa mtu mkweli aliyekaa mbele ya kamera, mkewe akiwa pembeni na fedha nyingi zikisubiri jibu lake, nao utakwenda mbio. Mboni hutanuka kwa hofu, kwa hasira, kwa mapenzi, hata kwa sababu chumba kina mwanga hafifu.

Mwaka 2003 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti ndefu kuhusu mashine ya nyaya. Kwa ufupi, iliona kwamba inafanya vizuri kuliko kubahatisha, lakini iko mbali sana na kuaminika kikamilifu, na ushahidi wa kuitetea ni dhaifu. Mahakama huko zilianza kuwa na shaka mapema zaidi: mwaka 1923, katika kesi ya Frye mjini Washington, zilikataa kupokea kipimo cha presha kama ushahidi. Tangu mwaka 1988 sheria ya Marekani inawazuia waajiri wengi binafsi kuwapima wafanyakazi wao. Naye Aldrich Ames, ofisa wa shirika la ujasusi la CIA aliyekuwa akiwauzia Wasovieti siri, alipimwa mwaka 1986 na tena mwaka 1991. Mara zote mbili alipita. Alikamatwa mwaka 1994.

Hata tukikubali kwamba mashine inapatia mara 9 katika kila 10, bado kuna hesabu ambayo kipindi hakikuonyeshi. Tuchukue mfano wa kubuni. Watu 100 wanaulizwa kama wametoka nje ya ndoa, na wote wanasema hapana. Tuseme 10 kati yao wanadanganya na 90 wanasema kweli. Mashine itawanasa waongo 9. Lakini itawakosea pia wakweli 9 kati ya wale 90. Waliohukumiwa kuwa waongo ni 18, na nusu yao hawana kosa lolote. Ukimtazama mmoja wao kwenye kochi, huwezi kujua yuko nusu ipi.

Wazee wetu walijua kitu cha namna hii. Katika sehemu za kusini mwa Tanzania, Malawi na Zambia, mshukiwa alinyweshwa mwavi. Akitapika, ametakasika. Akifa, alikuwa na hatia. Leo tunauita ushirikina, na ni sawa, lakini anayekubali neno la skrini bila kuuliza limetoka wapi hayuko mbali sana na waliokuwa wakisubiri mtu atapike.

Kipindi kilichofungwa Uingereza

Kwa watengenezaji wa vipindi huu ni mchezo mzuri: swali moja, kimya, jibu, machozi. Kwa anayepimwa unaweza usiwe mchezo hata kidogo. Uingereza kulikuwa na kipindi cha The Jeremy Kyle Show, kilichoanza mwaka 2005 katika televisheni ya ITV, ambamo wapenzi na ndugu walipimwa uongo mbele ya hadhira. Mei 2019 mwanamume mmoja alipimwa kuhusu uaminifu wake kwa mchumba wake, akaambiwa amefeli. Siku chache baadaye alikutwa amefariki dunia. Sehemu aliyoshiriki haikurushwa, na kipindi kikafungwa moja kwa moja.

Mwaka 2024 uchunguzi wa kifo chake haukupata ushahidi wa kutosha kusema kwamba kipindi ndicho kilichokisababisha, na ni haki tuliseme hilo. Kinachotushangaza sisi ni jambo lililotokea bungeni mwaka 2019. Wahusika wa kipindi waliitwa mbele ya kamati ya wabunge na kuulizwa kipimo chao kina usahihi wa kiasi gani. Walikuwa wamekitumia kwa miaka mingi kuamua nani mwaminifu na nani mzinzi. Hawakuweza kutaja kiwango.

Mashine hizo bado hazijafika kwetu vijijini, lakini mfano wake umefika. Kuna programu za simu zinazojiita kipima uongo: unaweka kidole kwenye kioo, inawaka taa, inaandika kweli au uongo. Nyingi zina maandishi madogo yanayosema ni za burudani tu. Kidole juu ya kioo cha simu hakiwezi kupimwa presha wala jasho, na baadhi yake jibu hutoka kwa bahati nasibu. Ukitaka kuhakikisha, mpe simu mtoto ajibu swali lilelile mara tano, kwamba jina lake ni lake, kisha uhesabu ni mara ngapi ataambiwa anadanganya.