Mpira wa Mkojo Si Tiba

Kuna kauli moja inayonikera kila niisikiapo katika wodi za wanaume: "Mzee, ugonjwa umeshasambaa, hapana la kufanya." Mzee ana saratani ya tezi dume, tezi imeibana njia ya mkojo, naye ametiwa mpira na kufungiwa mfuko pajani. Anarudishwa nyumbani hivyo hivyo. Anaacha kwenda msikitini kwa kuona haya, ingawa dini haimzuii, na wageni wakija anajificha uani.

Sibishi kwamba mpira huokoa. Mkojo ukizuiwa hurudi juu na kuua figo. Lakini kumkinga mtu na kifo cha leo ni jambo moja, kumtibu ni jingine. Tangu mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago alikwisha kuonyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni za kiume, na kwamba makende yakiondolewa uvimbe husinyaa. Mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Wanaume wengi huukataa upasuaji huo (afadhali kaburi kuliko kicheko cha barazani!), na kwa waliokubali, baada ya muda ugonjwa huweza kuanza kukua tena.

Hapo ndipo pa mionzi. Ikielekezwa kwenye tezi, pengine mara 5 au 10 tu, yaweza kuusinyaza uvimbe na kuikausha damu kwenye mkojo, na wapo wengi wanaotolewa mpira baadaye. Si kwa siku moja. Huchukua wiki, hata miezi, na mwanzoni tezi huweza kuvimba zaidi, ndiyo maana mpira huachwa kwanza. Asiyeelezwa hayo hutoroka katikati akisema mionzi imemmaliza.

Tena huambiwa kwamba Ocean Road, pale Dar es Salaam, ni mlango wa makaburini. Kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa hospitali pekee ya mionzi Tanzania nzima. Mgonjwa wa Kigoma alifika hoi, baada ya kuuza ng'ombe na kuzungushwa kwa waganga. Akafa, lawama zikaenda kwa mashine.

Daktari asemapo hapana la kufanya, nataka aulizwe: la kufanya ili apone, au ili akojoe? La kwanza huenda kweli halipo. La pili halijaulizwa, na barua ya rufaa ni karatasi moja tu.