Feza ya staji ni yako, lakini papa naye asipoteze

Wandugu, kila mwaka, mwezi wa pili ukiingia, simu zinaanza. Siyo za Goma wala za Bukavu. Ni za wenzetu walioenda Marekani na familia zao, wanaoishi Louisville, Dayton ao Des Moines, na leo wanasoma chuo kikuu. Swali ni lile lile: "Nilifanya staji miezi mitatu katika jimbo lingine. Walinikata kodi. Hii karatasi niifanye nini?" Na kabla hatujajibu, wengi wanaongeza: "Ao niinyamazie tu?"

Hapana, usiinyamazie. Tunajua tabia hiyo inatoka wapi. Tumekulia mahali ambapo kodi ni mtu wa barabarani anayeshika kamba, na mkononi ana kijikaratasi kisicho na muhuri. Ukimuona, unapita njia nyingine. Sisi wenyewe tumefanya hivyo mara nyingi. Lakini ukiubeba woga ule mpaka Kentucky, unajiibia mwenyewe, na mara nyingine unamwibia papa yako.

Mwenzetu mmoja, familia yake iko Louisville. Mwaka 2025 alifanya staji Atlanta, jimbo la Georgia, wakamlipa dola 7,800. Mwezi wa kwanza kampuni ikamtumia W-2, ile karatasi inayoonyesha ulilipwa ngapi na ulikatwa ngapi. Kwa upande wa serikali kuu hakuwa na deni. Mwanafunzi tegemezi ambaye hajaoa, mwenye mshahara tu usiozidi dola 15,750 kwa mwaka 2025, halipi kodi ya mapato ya serikali kuu. Kwa hiyo yote yaliyoandikwa katika kisanduku cha 2 cha W-2 yanarudi kwake. Ila hayarudi yenyewe. Lazima ujaze fomu 1040 na uyadai, na ukikaa kimya zaidi ya miaka mitatu, yanabaki huko moja kwa moja. Zile asilimia 7.65 za pensheni na matibabu ya wazee hazirudi, hizo usizililie.

Yeye hakunyamaza. Alijaza haraka, usiku, kwa simu. Kosa lake lilikuwa kisanduku kimoja tu, kile kinachouliza kama kuna mtu anayeweza kukuhesabu kuwa tegemezi wake. Hakukitia alama. Alituambia: "Nilifanya kazi, nililipa chumba changu, mimi siyo mtoto tena." Tunamuelewa. Kwetu neno tegemezi linauma, hasa kwa kijana wa miaka 21 aliyeanza kushika feza yake.

Lakini sheria ile haiulizi kama umekuwa mtu mzima. Inauliza kama hukufikisha miaka 24 mwisho wa mwaka, kama ulisoma kwa muda wote angalau sehemu ya miezi mitano, kama wewe mwenyewe hukulipa zaidi ya nusu ya matunzo yako, na kama unakaa kwa wazazi zaidi ya nusu ya mwaka. Na ukilala bweni la chuo, wanahesabu kwamba bado unakaa nyumbani. Wengi hawajui hili pia: hata kama mzazi ameamua asikuhesabu, maadamu anaweza, kisanduku kile unakitia alama.

Papa yake anafanya kazi ya usiku katika gudani. Alipotuma fomu yake kwa intaneti, ikarudishwa: namba ya mtoto imeshatumiwa. Kwa mzazi wa mshahara mdogo hiyo siyo shida ndogo. Kuna nafuu ya masomo inayofika dola 2,500 kwa mwanafunzi mmoja, na dola 1,000 kati ya hizo zinaweza kurudi hata kama hana kodi ya kulipa. Kuna ile nyingine ya wafanyakazi wa kipato kidogo, ambayo inamhesabu pia mtoto mwanafunzi asiyefikisha miaka 24. Nyumba nzima ilikuwa inangojea feza hiyo. Siku kadhaa papa na mtoto hawakusemezana vizuri. Ilibidi kijana ajaze 1040-X, fomu ya kusahihisha, na papa angojee.

Sasa mambo ya majimbo, maana hapa njo watu wanapotea. Georgia inakata kodi kwa feza uliyoipata Georgia. Kentucky, kwa sababu ndiyo kwenu, inahesabu feza uliyoipata popote. Miezi mitatu katika chumba cha kupanga haikuhamishi jimbo. Basi unajaza fomu mbili: kwanza ya Georgia, kama mtu asiye mkaaji, kisha ya Kentucky, na humo unaomba upunguziwe kile ulicholipa Georgia. Angalia vizuri: wanapunguza kodi ambayo Georgia imekuhesabia kweli, siyo ile mwajiri aliyokata. Kama Georgia imekurudishia yote, hakuna cha kupunguza, na Kentucky inaweza kudai kodi yake, ambayo kwa mwaka 2025 ilikuwa asilimia 4. Tumeona mtu akinunua simu mpya kwa feza ya Georgia, halafu barua ya Kentucky ikaingia.

Waliofanya staji Indiana ao Ohio hali yao ni tofauti, kwa sababu majimbo hayo yana mapatano na Kentucky: mshahara unatozwa kodi ya jimbo kwenu tu. Kama mwajiri alikata ya Indiana kwa makosa, irudishe kutoka Indiana, Kentucky haitakupunguzia. Texas na Tennessee hazikati kodi ya mshahara, lakini Kentucky bado inangojea yake, na huenda hakuna aliyekukatia mapema. Na wale walioenda kwa visa ya masomo, tafadhali msifuate mfano huu; kwa kawaida fomu yenu ni 1040-NR na masharti yake ni mengine.

Tunasema pia juu ya wale wandugu wa jamii yetu wanaojazia watu fomu sebuleni, wanachukua sehemu ya feza inayorudi, halafu hawatii sahihi. Sheria ya kule inamtaka kila anayelipwa kwa kazi hiyo atie sahihi na namba yake ya PTIN. Asiyetaka, mwache. Vituo vya VITA vinasaidia watu wa kipato kidogo bila kulipisha hata senti.

Wengine hapa Goma watauliza: juu ya nini harakati inaandika mambo ya Kentucky? Kwa sababu sehemu ya feza ile njo inalipa minervali za wadogo zetu hapa, na ikipotea kule, mtoto anafukuzwa darasani huku. Tarehe ya mwisho ni 15 Aprili. Kabla ya kubonyeza kutuma, mpigie papa simu, mmuulize mama, mkubaliane nani anamhesabu nani.